Bakshishi kwenye meli ya kitalii: nani apewe, kiasi gani, na lini

Usiku wa tatu wa safari mama alirudi chumbani akakuta tembo juu ya kitanda. Tembo wa taulo nyeupe, mkonga juu, amevalishwa miwani ya mama ya kusomea. Mama alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipopata pumzi akafungua kipochi chake, akaniuliza, "Huyu kijana nimpe shilingi ngapi?" Kwa mama, dola nazo ni shilingi.

"Umeshampa, mama. Tena unampa kila siku."

"Nimempa saa ngapi na mimi hata sijamwona?"

Ilinichukua kikombe kizima cha chai kumweleza, na yeye si mtu wa kuelezwa kitu mara mbili. Tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na marafiki, na jamaa wa kanisani, na watu wa kikundi chetu cha safari. Sisi tunaokaa Houston bandari yetu ni Galveston, mwendo wa saa moja kwa gari, na meli za pale hutupeleka Cozumel na Costa Maya kule Mexico, na Roatán kule Honduras. Nitakayoyasema yametoka huko, lakini anayepandia Miami au Port Canaveral kule Florida atayakuta yaleyale. Wa Uingereza nimewawekea maneno yao pembeni.

Kabla ya yote: pesa ziko mbili

Nyumbani tumezoea bakshishi ya namna moja. Mtu kakuhudumia vizuri, unamwachia chenji, unamwambia "ya soda hiyo". Hiari yako, na kiasi ni chako.

Melini ziko pesa mbili, na zinaitwa kwa jina moja. Ya kwanza ni ada ya huduma inayokatwa kwa kila kichwa, kila siku, moja kwa moja kwenye akaunti ya chumba. Kwenye bili utaiona imeandikwa Gratuities au Service Charge. Ya pili ni asante ya mkononi, ile tuliyoizoea.

Ya kwanza usiihesabu kama shukrani. Meli nyingi zinazobeba Wamarekani zimesajiliwa Bahamas, Panama, Malta au Bermuda, hivyo kima cha chini cha mshahara cha Marekani hakimfuati mhudumu huko baharini. Mshahara wa msingi unabaki mdogo, na ada hiyo ndiyo inayoujazia. Kwa maneno mengine, ile nauli nzuri uliyoiona kwenye tangazo ni nzuri kwa sababu sehemu ya mishahara imetolewa humo ikahamishiwa mstari mwingine wa bili. Unaweza kuuchukia mpango huo, na mimi siupendi. Ila anayeumia ukiukasirikia siye aliyeupanga.

Ada hiyo hugawanywa kati ya mhudumu wa chumba, wahudumu wa meza, na watu ambao hutawaona kabisa: wa dobi, wa jikoni, wanaofuta ngazi saa tisa usiku. Wengi ni Wafilipino, Waindonesia na Wahindi, wenye mikataba ya miezi sita hadi tisa, bila siku ya mapumziko ya wiki kama tunayoijua sisi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za ubaharia wa mwaka 2006 unaruhusu mtu afanye kazi hadi saa 14 katika saa 24. Wakenya nao wapo. Usishangae kuagiza juisi kwa Kiingereza chako cha kazini ukajibiwa, "Sawa, dada, inakuja."

Hatua ya kwanza: ipigie hesabu kabla ya kulipa nauli

Watu wanalinganisha nauli za kampuni mbili na kusahau kwamba ada zao hazilingani. Kwa viwango vya mwaka 2024, Carnival ilikata dola 16 kwa mtu kwa siku katika vyumba vya kawaida, na 18 katika vyumba vya kifahari. Royal Caribbean 18.50 na 21. Norwegian 20, na 25 kwa vyumba vya juu. Viwango hivi hupanda kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo fungua tovuti ya kampuni uone cha leo.

Sasa chukua familia ya baba, mama na watoto wawili wa shule, siku saba, chumba cha kawaida. Carnival: 448. Royal Caribbean: 518. Norwegian: 560. Mtoto wa darasa la pili anakatwa sawa na baba yake, hata kama wiki nzima atakula chipsi na aiskrimu tu. Wanaosamehewa ni wachanga katika baadhi ya kampuni. Carnival haiwakati walio chini ya miaka miwili, Norwegian walio chini ya mitatu.

Mtu mwenye wajukuu wanne anayewaza kuwapeleka wote, na aanzie kwenye hesabu hii, si kwenye picha ya bwawa la kuogelea.

Halafu angalia ofa. Kampuni au wakala akikuambia "bakshishi imeshalipwa", taka kuuona mstari huo kwenye ankara. Na ukipewa vifurushi vya vinywaji "vya bure" vya Norwegian, jua kinywaji ndicho cha bure. Asilimia 20 ya huduma juu ya thamani ya kifurushi unailipa wewe. Si wizi, imeandikwa, ila imeandikwa kwa herufi ndogo.

Wa Uingereza: P&O Cruises iliondoa makato ya kila siku mwezi Mei 2019, na Marella huyajumuisha ndani ya nauli. Ukitoka Southampton na kampuni ya Kimarekani lakini, makato yanakufuata. Meli za matajiri kama Silversea, Seabourn na Regent Seven Seas nazo zimeingiza kila kitu kwenye nauli, na kwa nauli zile walau wafanye hivyo.

Hatua ya pili: lipa mapema ukiweza

Ada unaweza kuilipa kabla ya safari au kuiacha ikatwe ukiwa melini. Mimi hulipa mapema, kwa sababu mbili. Kwanza, ukishalipa, kiwango kikipanda kesho hakikuhusu. Pili, na hii ndiyo kubwa kwa watu wetu, wengi tunatumia kadi ya benki ya kawaida, si ya mkopo. Meli huishikilia pesa kwenye kadi hiyo kwa kadiri unavyotumia, na pesa iliyoshikiliwa huweza kukaa siku kadhaa baada ya safari kabla haijaachiwa. Ukirudi nyumbani tarehe moja na kodi ya nyumba inataka kulipwa tarehe hiyohiyo, utajua ninachosema.

Mkisafiri kama kikundi, mweka hazina aichange ada hii pamoja na nauli, kidogokidogo kila mwezi. Kuchangishana melini haifai. Kuna atakayekuwa casino, kuna atakayelala, na kuna yule mmoja, mnamjua, ambaye pochi yake huwa chumbani daima.

Hatua ya tatu: noti ndogondogo kabla ya kutoka nyumbani

Melini hakuna pesa taslimu inayozunguka, kila kitu ni kadi ya chumba. Kwa hiyo ukiingia na noti za mia, utabaki nazo. Mashine ya pesa ipo, na makato yake hayana huruma. Dawati la huduma kwa wageni huchenji, lakini foleni ya siku ya mwisho utaisimama mpaka uchoke.

Nenda benki siku tatu kabla. Kwa watu wawili wa wiki moja mimi hubeba noti 30 za dola moja, 12 za dola tano, na nne za ishirini: jumla 170. Zinazobaki narudi nazo. Naziweka kwenye bahasha, na bahasha nyingine tupu nne au tano kando, maana bahasha za dawatini huisha jioni ile ambayo kila mtu anazitaka.

Hatua ya nne: bandarini, kabla hujaiona hata meli

Mtu wa kwanza kuhitaji noti yako hayumo kwenye mgawanyo wa ada. Ni mpagazi wa bandarini, anayepokea masanduku pale unaposhukia kwenye gari. Huyo si mwajiriwa wa meli. Dola mbili kwa sanduku ni heshima, na kama umekuja na yale masanduku yetu ya kwenda nayo Dar, yanayofungwa kwa kamba, ongeza.

Hatua ya tano: siku ya kwanza, soma akaunti na soma risiti

Ukishaingia chumbani, fungua programu ya kampuni kwenye simu, nenda kwenye akaunti yako. Kama ulilipa ada mapema, hakikisha haikatwi tena. Ikikatwa, nenda dawatini siku hiyohiyo, hurekebishwa kwa dakika tano.

Halafu baa. Hapa ndipo shemeji yangu alipoachia pesa nyingi kuliko casino. Kila kinywaji cha kununua tayari kimeongezwa asilimia 18 au 20, kutegemea kampuni. Kinywaji cha dola 14 kinakuja na huduma ya dola 2.52, jumla 16.52. Chini ya jumla hiyo risiti ina mstari mwingine mtupu, umekaa kwa adabu, unasubiri kalamu: bakshishi ya ziada. Shemeji, kwa mazoea ya mikahawa ya Houston, akawa anaandika tatu. Kila risiti, tatu. Mwisho wa wiki tukajumlisha, zikafika karibu dola 60 za bakshishi juu ya bakshishi. Dada yangu aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akaanza kuhesabu vinywaji badala ya dola, na mazungumzo yakahama.

Mstari ule mtupu una kazi, sikatai. Kama kijana wa baa anakumbuka kuwa unataka tangawizi bila barafu tangu Jumatatu, mwandikie, au mpe dola mkononi. Jambo ni kwamba ujue unaandika kwa kupenda. Usipotaka, pitisha kistari, weka sahihi, maliza.

Mkahawa wa kulipia, saluni na masaji ni vilevile: asilimia huwa imeshaingia. Soma kwanza, kalamu baadaye.

Hatua ya sita: asante ya mkononi, wiki nzima

Sasa tumefika kwenye pesa ya pili, na hapa mila zetu zinafanya kazi vizuri kuliko mwongozo wowote.

Mhudumu wa chumba ndiye mtu wako wa karibu kuliko wote. Jitambulishe siku ya kwanza, mwite kwa jina lililo kifuani mwake. Ukiwa na ombi la wiki nzima, kwa mfano barafu kila jioni, mto wa ziada wa mgongo wa mama, vitanda vitenganishwe, mwambie mapema na umpe noti ya tano au ya kumi wakati huohuo. Mwisho wa wiki mimi humpa 20 hadi 40 kwa chumba, juu ya ada. Watoto wakigeuza chumba soko la mitumba, nafika 50 bila kubishana na nafsi yangu.

Kwa meza, ukikaa chumba cha chakula kilekile kila usiku utakuwa na mhudumu na msaidizi wake. Dola 20 kwa mkubwa na 10 au 15 kwa msaidizi, mwisho wa wiki, kwa watu wawili. Kundi la watu wanane lisigawanye kiasi hichohicho kwa wanane. Mlikaa wanane, mlimfanya atembee kwa wanane.

Yuko na msimamizi wa chumba cha chakula, yule wa suti anayepita mezani kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Kwa wengi huyo hahitaji zaidi ya tabasamu. Kwetu ilikuwa tofauti. Mama hali nguruwe, wala chochote kilichopikwa na divai, na siku ya kwanza nilimweleza msimamizi. Kuanzia usiku ule, kila tukimaliza kula alileta menyu ya kesho, akachutama kando ya kiti cha mama, wakapitia mstari kwa mstari: huu una divai, huu naweza kuwaambia waupike bila. Mama alikuwa akiweka kidole kwenye sahani aliyoichagua kana kwamba anaweka muhuri. Mtu wa namna hiyo apewe, na tulimpa 30. Wenye halal, wenye kisukari, wenye mtoto wa mzio wa karanga, liwekeni hili kwenye bajeti yenu.

Anayeleta chakula chumbani: dola mbili au tatu akiwa mlangoni, tano kama ni usiku wa manane. Walezi wa klabu ya watoto huwa hawamo katika mgawanyo kwenye kampuni nyingi. Mwanao akilia kwa sababu hataki kutoka, umeshajua la kufanya.

Wasiopewa pesa: nahodha na maofisa wake, daktari, wafanyakazi wa dawatini. Kumpa ofisa noti ni kumwaibisha, na kwetu sisi tunaotoka kwenye nchi za "chai" mazoea hayo ni rahisi kuponyoka. Umesaidiwa na wa dawatini? Andika jina lake.

Na namna ya kutoa. Usirushe mezani, usiache juu ya mto ukitegemea ajue ni yake. Kwenye chumba waliofundishwa kazi hawagusi pesa isiyoandikwa. Mpe mkono kwa mkono, au kwenye bahasha yenye jina lake na neno "asante" kwa lugha yoyote.

Hatua ya saba: mkishuka nchi kavu

Bandari za njiani ni ulimwengu mwingine. Dereva wa Cozumel au mtembezaji wa magofu ya Costa Maya hayumo kwenye ada ya meli hata kidogo, ingawa safari umeinunulia melini. Nusu siku, dola tano kwa kichwa kwa mtembezaji na mbili kwa dereva. Siku nzima, zidisha mara mbili. Dola za Marekani hupokelewa kote huko, ila sarafu usitoe. Benki haiwabadilishii, utakuwa umempa mtu mzigo wa vyuma. Noti iliyochanika nayo usimsukumie mwenzio.

Ukitaka kuiondoa ile ada

Inawezekana katika kampuni nyingi kubwa. Unakwenda dawatini, unaomba ipunguzwe au iondolewe. Nimewasikia watu wakisema, "Naiondoa, halafu nawapa wenyewe mkononi." Nia njema, hesabu mbovu. Wa dobi utamwonea wapi? Isitoshe, katika baadhi ya kampuni mgeni akishaondoa ada, pesa aliyompa mhudumu mkononi inapaswa kurudishwa kwenye chungu cha wote. Ukidhani umemzidishia, kumbe umempa kazi ya kuipeleka ofisini.

Kama huduma ni mbaya kweli, chumba hakikusafishwa siku mbili au mtu amekujibu ovyo, sema siku hiyo kwa msimamizi, wakati bado kuna wiki ya kurekebisha. Safari moja tuliletewa mhudumu mwingine jioni ileile, na ada tukaiacha kama ilivyo. Kuvumilia kimya siku saba kisha kuwakata watu thelathini kwa kosa la mmoja, hilo mimi silikubali.

Hatua ya nane: usiku wa mwisho

Usingoje asubuhi. Asubuhi ile mhudumu wako ana saa chache za kugeuza vyumba vyake vyote kabla wageni wapya hawajapanda mchana, na wewe utakuwa kwenye ngazi na begi lako, mnapishana kama daladala. Bahasha zitoke jioni: za mezani mkimaliza chakula, ya chumba akija kutandika au mkikutana koridoni. Masanduku hutakiwa nje ya mlango usiku huohuo, kwa hiyo angalia usije ukafungia bahasha humo. Nimewahi.

Kisha fungua akaunti mara ya mwisho, pitia mstari kwa mstari kabla hujalala. Kosa likionekana usiku, foleni ni fupi. Saa moja asubuhi inafika hadi kwenye lifti.

Baada ya kufika nyumbani

Siku chache baadaye kampuni hutuma dodoso kwa barua pepe. Watu hulifuta. Usilifute: majina yanayotajwa humo husomwa na wakubwa wao, na huhesabika mtu anapotafuta cheo au mkataba mpya. Piga picha vitambulisho vya majina, kwa ruhusa yao, au yaandike, maana ukishafika nyumbani yote yanachanganyika.

Mama alikuwa ameyaandika kwenye daftari lake la madeni ya duka, ukurasa wa nyuma, kila jina na kazi yake. Nilipokuwa najaza dodoso alisimama nyuma ya kiti changu, miwani ya tembo puani, akanisahihisha herufi mbili kwenye jina la yule kijana wa taulo.